Chanel No. 5 kwenye baridi ya Karagwe: jamani, hii harufu!

Akina dada wa Kayanga, Omurushaka, Nkwenda na Kaisho, sikieni! Hatimaye nimeipulizia Chanel No. 5 ya kweli, ile Eau de Parfum, kwenye ngozi yangu na katika hewa yetu ya milimani. Nasema bila kupepesa macho: pafyumu hii na Karagwe zilikuwa zinasubiriana.

Ukibonyeza tu, unashtuka. Inapanda puani kali na safi, kama shuka la pamba lililokaushwa juani na kupigwa pasi. Hizo ni aldehaidi, viungo vya maabara ambavyo Ernest Beaux, fundi wa manukato mzaliwa wa Moscow, alivimimina bila uchoyo alipomtengenezea Gabrielle Chanel marashi haya mwaka 1921. Alimpelekea sampuli zenye namba, 1 hadi 5 na 20 hadi 24. Bibie akachagua ya tano, na namba ikawa jina. Miaka zaidi ya 100 imepita, na hainukii kizee hata chembe!

Halafu yanakuja maua. Waridi la Mei, yasmini, na katikati yake, shikeni viti, langilangi! Ndiyo, ua lile lile la njano linalojulikana sana Unguja na Pemba. Majirani zetu wa Komoro ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mafuta yake duniani. Maua huchumwa asubuhi na mapema, huingizwa kwenye mtambo wa mvuke yangali mabichi, na mafuta yanayotangulia kutoka ndiyo ghali kuliko yote. Kumbe chupa inayosifiwa Paris imebeba ua la Bahari yetu ya Hindi!

Na yasmini yake? Mkulima wa kahawa ataitambua papo hapo. Mvua za kwanza zikishanyesha baada ya kiangazi, mibuni inachanua maua meupe na njia nzima ya shambani inanukia hivyo kwa siku chache. Kwenye chupa hii unaipata harufu hiyo mwaka mzima!

Kinachonisisimua zaidi ni hali ya hewa. Joto la Dar es Salaam huyapeperusha manukato mapema. Huku kwetu, ambako miinuko mingi inapita mita 1,500, jioni zinapoa na harufu inafunguka taratibu: kwanza ule usafi, kisha maua, na usiku sandali na vanila zinabaki zimetulia shingoni. Raha iliyoje!

Sasa uivae lini? Sendofu, bila kujiuliza! Pulizia kabla hujavaa mushanana, kwa sababu spiriti inaweza kuacha doa kwenye kitambaa laini. Mara moja kila upande wa shingo, mara moja kwenye kiwiko cha ndani, inatosha kabisa. Usisugue, iache ikauke yenyewe. Jumapili kanisani, bonyeza mara moja tu chini ya nguo, saa nzima kabla ya kutoka, ili ule ukali wa mwanzo uishie nyumbani. Chakula cha jioni na mzee wako, jiachie!

Kwenye Hiace iliyofunga madirisha kukwepa vumbi la barabarani, wahurumie wenzako. Msibani au unapokwenda kumwona mzazi aliyejifungua, iache kabatini. Kwa ofisini na mchana wa jua kuna dada yake mwepesi, No. 5 L'Eau ya mwaka 2016, yenye uchangamfu wa limau na machungwa.

Kiangazi ngozi inapokauka, paka kwanza mafuta ya mgando yasiyo na harufu, itashika muda mrefu zaidi. Chupa irudishe kwenye boksi lake, mbali na mwanga wa dirisha. Na yale mafuta ya kupima yanayouzwa kwa jina hili ni kitu kingine kabisa, msidanganyike.

Bei yake ni nzito, ndiyo. Lakini mama uliyechuma, ukaanika na kuuza kahawa yako mwenyewe, ukitaka zawadi moja ya kifahari msimu huu, nunua chupa ndogo kabisa ya No. 5. Unastahili, na haitakuangusha!