Sifa za Wachaguaji

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Bila shaka hawakuwa wakizungumzia kahawa. Kabete na Loresho, magharibi mwa Nairobi, kuchagua ndiko kulima kwenyewe.

Maumbile yalitoa sehemu yao bila choyo. Udongo wa huko ni mwekundu, wenye kina, uliotokana na miamba ya volkano. Hunywa mvua bila kutuamisha maji, kisha huyaweka chini mizizi inapoyafikia. Mwinuko unakaribia mita 1,800. Usiku ni wa baridi, tunda hukawia kuiva, na utamu hujijenga polepole. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, na mibuni hutoa maua meupe ikishaipata. Wakulima wa zabibu wa Ufaransa wangeielewa hesabu hii mara moja.

Lakini udongo haujichagulii mti. Mwishoni mwa karne ya 19, mapadri wa Roho Mtakatifu walipanda kahawa katika misheni ya Bura, Taita, kisha St Austin's, Nairobi. Katika miaka ya 1930, wataalamu wa Maabara ya Scott, Kabete, waliikagua mibuni mmoja mmoja. Mmoja wa shamba la Loresho ukawa chanzo cha SL34. Mwingine, wa ukoo wa Tanganyika unaostahimili ukame, ukazaa SL28. Uchachu wa matunda unaoitambulisha kahawa ya Kenya duniani unatokana kwa sehemu kubwa na miti hiyo miwili. Nayo ina gharama: haihimili chulebuni wala kutu ya majani. Aina ya Ruiru 11, inayoyakinza maradhi hayo, ilitolewa mwaka 1985, lakini wakulima wengi hawajaing'oa SL.

Kuchagua hakuishii kwenye mbegu. Mchumaji huchukua tunda jekundu, huliacha la kijani, na kurudi baadaye kwenye tawi lilelile. Kiwandani matunda huchambuliwa kabla ya kumenywa. Punje zikishachachuka na kuoshwa, huchambuliwa tena juu ya meza za kuanikia. Madaraja ya AA, AB na PB hupangwa kwa ukubwa na umbo, na ukubwa si ladha. Kwa hiyo kabla ya mnada wa Wakulima House, katikati ya jiji, waonjaji huvuta kijiko kwa kelele, hutema, na kutoa hukumu.

Sehemu kubwa ya Loresho sasa ni makazi, ilhali uzao wa mti wake unazaa Nyeri na Kirinyaga. Anayeisifu kahawa ya Kenya kwa kuutaja udongo pekee amewadhulumu waliochagua.