Vazi la Salme, Mkoba wa Susu

Kuna picha moja ya Sayyida Salme ambayo pengine umeiona, hata kama jina lake hulijui. Binti wa Sultani Seyyid Said wa Zanzibar, amevaa kanzu ya kitajiri na suruali, mtandio kichwani, mikufu shingoni. Kila baada ya muda mtu huirusha mtandaoni, anaandika "malkia wetu", na sisi tunaisambaza tunaendelea na siku.

Hata mimi niliisambaza. Halafu nikasoma ilikopigwa: studio ya H. F. Plate, mjini Hamburg, Ujerumani, karibu mwaka 1868.

Hebu ngoja hapo kidogo. Salme alitoroka Zanzibar mwaka 1866 akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Mwaka 1867 alibatizwa kule Aden, akapewa jina la Emily, akaolewa. Kwa hivyo anayetuangalia pichani si binti aliye ikulu. Ni Bi Ruete wa Hamburg, na vazi lile amelitoa sandukuni kwa ajili ya kamera.

Na kuna kitu kinakosekana: barakoa. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, anaeleza jinsi wanawake wa tabaka lake walivyojifunika uso mbele ya wanaume wasio wa nyumbani. Pichani uso uko wazi kabisa. Yaani vazi la ikulu lipo, isipokuwa kile kitu kimoja ambacho kingezuia picha yenyewe isipigwe. Ilihitaji mtu ambaye tayari ameshaondoka.

Wapo wanaosema alikuwa anawafurahisha Wazungu tu, anawapa Mashariki ya ndoto zao. Siwapuuzi. Studio za Zanzibar kwenyewe, kama ya A. C. Gomes, baadaye ziliuza postikadi za wanawake waliopambwa wakapendeza, bila hata jina. Lakini Salme ana jina, tena mawili, na aliandika kitabu chake mwenyewe. Mimi naisoma picha ile kama dai: bado mimi ni binti wa Said, hata mkiniita Emily.

Sasa, sisi wa Ukambani tuna swali letu. Utajiri wa ikulu ile ulitokana na karafuu, watumwa na pembe za ndovu. Miaka ya 1840, Salme akiwa mtoto, misafara ya Wakamba ilikuwa ikibeba pembe hadi Mombasa, mji uliokuwa chini ya baba yake tangu 1837. Kivoi wa Kitui alikuwa mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa misafara hiyo. Na katika kitabu chake Salme anautetea utumwa, ingawa mama yake mwenyewe, Jilfidan, alikuwa Msirkasi aliyeingia ikulu kama suria. Nikiitazama mikufu ile nauliza ni mabega ya nani yaliyoilipia.

Nilimwonyesha susu, nyanya yangu, picha hiyo kwenye simu, nyumbani kwake Makueni. Ukutani palikuwa na picha yake mwenyewe, iliyopigwa katika studio moja Kitui mjini miaka ya sabini, kabla hajavuka mto Athi kuja kuolewa. Nyuma yake kuna pazia lililochorwa maua. Ameshika mkoba mweupe, na mkononi ana saa. Mkoba ulikuwa wa mpiga picha. Saa pia, na ilikuwa imekufa.

Alimtazama Salme kwa muda, akauliza, "Hizi nguo ni zake?"

"Ndiyo susu, ni zake."

"Basi mbona amekaa kama ameziazima?"

Nimesoma mengi kuhusu picha ile, na bado sijapata kauli inayoipita hiyo. Wote wawili walienda studio wakavaa maisha ambayo siku hiyo hawakuwa nayo. Salme alikuwa ameyapoteza. Susu alikuwa bado anayangoja.

Susu alipofariki, binamu zangu walitaka tuikate ile picha ya Kitui, ubaki uso tu, eti mkoba wa kuazima unatia aibu. Nilikataa, tukabishana hadi usiku. Mwishowe programu ya mazishi ilichapwa na kila kitu: pazia, mkoba, saa iliyokufa. Sikutaka tumfanye malkia. Nilitaka ionekane kwamba msichana mmoja alitoa pesa yake, akaingia studio, akaamua mwenyewe atakavyoonekana.

Salme naye namtakia hivyo. Ukiisambaza tena picha yake, usimkate. Mwache na Hamburg yake, uso wake ulio wazi, na pembe zetu.