Mofini mikononi mwa muuguzi

Unga wa mofini, maji safi, kihifadhi ili isiharibike, na rangi. Dawa yenyewe ni hiyo tu. Uganda imekuwa ikiichanganya Kampala tangu miaka ya 1990 na kuigawa bure, na wagonjwa wengi wameipokea katika chupa za plastiki zilizowahi kuuzwa na maji ya kunywa. Wanaosimulia habari hii huisifu sana chupa kwa urahisi wake. Mwanafunzi wa uuguzi aangalie kwingine. Chupa haimpi mgonjwa nafuu mpaka apatikane mtu wa kuamua ni mililita ngapi, saa ngapi, na lini dozi ipande. Uganda iliamua kwamba mtu huyo anaweza kuwa muuguzi, na jinsi ilivyolifanya jambo hilo likafaulu inafundisha zaidi ya sura nyingi za vitabu kuhusu maumivu.

Anne Merriman, daktari mzaliwa wa Liverpool, alianza kazi Kampala mwaka 1993, baada ya kuitumikia Nairobi Hospice. Kabla ya hapo alikuwa Singapore, na huko ndiko yeye na wafamasia walikopata njia ya kugeuza unga wa mofini kuwa dawa ya maji. Serikali ya Uganda ilikuwa imekubali unga huo uingizwe nchini, na kazi ikaanzia katika hospitali ya Nsambya. Ukimwi ulikuwa unaua. Saratani nyingi zilifika hospitalini zimeshaenea, na wagonjwa wengi walifia vijijini bila kuonana na daktari hata mara moja. Hapo ndipo mpango ungekwama, kwa sababu sheria ilimruhusu daktari kuandika mofini, daktari wa meno pia, hata daktari wa mifugo. Muuguzi hakuwemo.

Muuguzi hakufunguliwa mlango kwa maneno matupu. Hospice Africa Uganda, shirika alilolianzisha Merriman, ilianzisha kwanza mafunzo ya miezi 9 kwa wauguzi na maofisa tabibu, huku Dkt. Jack Jagwe, mshauri wa shirika hilo, na wenzake wakiendelea kuzungumza na wakubwa wa afya. Mwaka 2004 kanuni mpya zikatoka: aliyehitimu mafunzo hayo ya huduma shufaa, yaani ya kutuliza mateso ya mgonjwa, akaruhusiwa kuandika mofini. Mfuatano huo ulikuwa na akili. Waliomba ruhusa wakiwa na wauguzi waliokwisha kufundwa, na waziri anayeombwa hivyo hawezi kujibu kwamba watu hawapo.

Muuguzi huyo alifundwa nini? Kwanza kabisa, saa.

Katika wodi nyingi bado utakuta faili limeandikwa “apewe akihitaji”. Kwa maumivu yasiyokoma, agizo hilo ni baya. Mofini ya maji huanza kufanya kazi ndani ya nusu saa hivi, na nguvu yake hudumu kama saa 4. Ukisubiri mgonjwa alie ndipo utafute funguo za kabati, umeshamwacha ateseke muda wote wa kutafuta na wa kusubiri dawa ishike. Kuna pia jambo la ndani zaidi. Ishara za maumivu zikifika mfululizo kwenye uti wa mgongo, neva za pale huwa nyepesi kuitika kuliko zilivyokuwa, hata shuka likigusa ngozi likauma. Maumivu yaliyoachwa yakapanda huwa magumu kuyashusha.

Utaratibu wa kutoa dawa kwa saa una asili yake, na asili hiyo ni ya wauguzi. Cicely Saunders, Mwingereza aliyekuwa muuguzi, kisha ofisa wa ustawi wa jamii, na hatimaye daktari, alijitolea katika nyumba ya kutunza wanaokufa ya St Luke’s, London, mwishoni mwa miaka ya 1940. Akaona wauguzi wa pale wakitoa mofini kabla maumivu hayajarudi, na wagonjwa wakiwa wametulia huku akili zao ziko timamu. Alikwenda na utaratibu huo hospisi ya St Joseph’s, na alipofungua hospisi yake ya St Christopher’s mwaka 1967 ukawa somo la dunia nzima. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani likauingiza katika mwongozo wake wa maumivu ya saratani: dawa kwa mdomo, kwa saa, na kwa ngazi.

Sasa tazama utaratibu huo ulivyotafsiriwa kuwa siku ya mtu. Mtu mzima anayeanza hupewa miligramu 5. Mzee au aliyedhoofika sana, 2.5. Anakunywa saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana na saa 12 jioni. Saa 4 usiku anakunywa mara mbili ya dozi ili alale mpaka alfajiri bila kuamshwa. Chupa ya kuanzia ina miligramu 5 katika kila mililita 5, kwa hiyo miligramu na mililita ni namba moja. Hesabu imeondolewa kwa makusudi. Anayepima dawa nyumbani huenda ni mjukuu wa shule ya msingi, na mfumo unaomtegemea mjukuu hauna haki ya kumpa mgawanyo wa desimali.

Muuguzi ndiye mwenye hesabu. Tuseme mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi yuko kwenye ratiba hiyo, yaani miligramu 30 kwa siku. Ameruhusiwa dozi ya nyongeza ya miligramu 5, ambayo ni moja ya sita ya jumla ya siku, kila maumivu yakichomoza kabla ya saa. Ukirudi kesho, familia inakwambia alikunywa za nyongeza tatu. Basi mwili wake ulitumia 45. Gawa kwa sita: dozi mpya ni 7.5, na ya usiku 15. Hukukisia chochote, na familia haikuzidisha dawa bali imekusaidia kupima. Ndiyo maana kipande cha karatasi wanachoandikia saa za dozi kina thamani sawa na chati ya wodini.

Hatari ya mfumo iko kwenye chupa ya pili. Ile kali ina miligramu 50 katika mililita 5, mara kumi ya ya kwanza, na macho hayawezi kutofautisha maji na maji. Hapo ndipo rangi inapofanya kazi yake: kila nguvu ina rangi yake. Mgonjwa anapohamishiwa kwenye chupa kali, muuguzi makini huondoka na ile ya zamani mkononi. Nyumba yenye chupa mbili za mofini haifai.

Lakini dozi hupandishwa kwa kipimo gani? Hakuna mashine ya kupima maumivu. Margo McCaffery, muuguzi wa Marekani, alilisema jambo hili mwaka 1968 kwa ukali uliowaudhi wengi: maumivu ni vile mwenyewe anavyosema yalivyo. Namba za 0 hadi 10 huwakwamisha watu wengi, hivyo Uganda hutumia mkono. Ngumi iliyofungwa ni kutoumwa. Vidole vitano ni maumivu yasiyo na kifani. Unamwuliza mgonjwa leo, unamwuliza kesho, unaandika. Asiyeweza kusema unamsoma usoni na unapomgeuza.

Vidole peke yake havitoshi. Uliza panauma wapi, panauma vipi, na nini kinazidisha. Anayesema panaungua, panapigwa kama umeme, au pana ganzi linalouma, huenda neva yake ndiyo iliyoshikwa, na hapo kumwongezea mofini tu kunaweza kusifue dafu. Amitriptilini kidogo usiku mara nyingi humfaa. Mwenye kidonda kinachouma wakati wa kusafishwa apewe dozi nusu saa kabla hujafungua bandeji. Hili la mwisho halihitaji sheria mpya wala bajeti, nami sijui kwa nini halifanywi kila mahali.

Ngazi yenyewe Uganda iliikanyaga kwa namna yake. Ngazi ya 1986 ina vidato vitatu: parasetamoli na jamaa zake, kisha kodeini, kisha mofini. Kodeini ilikuwa ghali kuliko mofini ya maji, hivyo wengi walikiruka kidato cha kati na kuanza na mofini kidogo. Walisukumwa na umaskini, ila kitabibu hawakupoteza kitu. Kodeini hufanya kazi mwili ukiigeuza kuwa mofini, na watu hutofautiana mno katika kuigeuza, wengine hawapati kitu na wengine wanapata kupita kiasi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 haung’ang’anii tena vidato.

Saunders alifundisha pia kwamba mtu huumwa na mwili, roho, familia na mfuko wake kwa pamoja, na kwamba vidole vitano vingine havishuki kwa dozi. Somo hili hufundishwa sana na hutekelezwa kidogo, kwa sababu wodi iliyofurika haina hata kiti cha muuguzi kukalia asikilize.

Mofini hufunga choo karibu kwa kila anayeitumia, na tatizo hilo haliishi kwa mazoea kama kichefuchefu cha siku za mwanzo. Anayeandika mofini bila dawa ya choo hajamaliza kuandika. Bisakodili ikikosekana, Uganda hutumia mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa. Pumzi ndiyo inayoogopwa zaidi, lakini dozi ikipandishwa taratibu kwa mdomo, dalili hutangulia: mgonjwa husinzia isivyo kawaida, haamki vizuri akiitwa, mboni zake zinakuwa ndogo sana. Pumzi zikishuka chini ya 8 kwa dakika, simamisha dozi, ita msaada, na naloksoni, dawa ya kuondoa nguvu ya mofini, iwe karibu. Figo zichunguzwe pia, maana mabaki ya mofini hutokea huko. Kwa mama wetu wa saratani ya mlango wa kizazi hilo si jambo dogo, kwani uvimbe wake unaweza kuziba mirija ya mkojo, na dozi iliyomfaa mwezi jana ikamlemea mwezi huu.

Hofu ya uraibu ina msingi. Marekani imezika watu wengi kwa dawa za jamii hii, na balaa hilo lilianza na vidonge vilivyoandikwa ovyo. Ila balaa la kwetu limegeukia upande mwingine. Tume ya jarida la Lancet ilionyesha mwaka 2017 kwamba kati ya tani karibu 299 za dawa hizi zilizogawanywa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1. Mofini hafifu ya kunywa, inayopanda polepole mwilini na kuandikwa kwenye daftari, haina mvuto mkubwa mtaani. Kinachotakiwa ni kutoikatisha ghafla, kwa kuwa mwili huizoea.

Mfumo wa Uganda una nyufa. Unga hutoka nje, na kuna nyakati chupa zimekosekana. Muuguzi aliyesomeshwa miezi 9 huhamishiwa wodi ya wazazi na kalamu yake ikalala. Kumhamisha mtu huyo bila mbadala ni kuifunga huduma ya wilaya kwa barua moja, na hilo nalilaumu kuliko uhaba wa unga.

Wewe unayesoma uuguzi, huenda sheria ya nchi yako haijakupa kalamu hiyo. Saa, vidole na hesabu unavyo. Ukimpigia daktari usiku, usimwambie tu kwamba mgonjwa analalamika. Mwambie: mama wa kitanda cha 7 yuko kwenye mofini miligramu 5 kila saa 4, amepata za nyongeza tatu tangu jana, bado anaonyesha vidole vinne, yuko macho, anapumua mara 16, choo amepata leo, naomba tupande hadi 7.5. Atakuuliza habari za figo, basi na jibu hilo uwe nalo kabla hujashika simu.