Pampu ya Mombasa, kisima cha Riruta

Kibati kilichobandikwa kwenye pampu ndogo ya nusu hospawa, ile inayouzwa sana River Road, Nairobi, mara nyingi hudai kwamba itavuta maji kutoka mita 8 au hata 9. Mtu wa Riruta au Kawangware mwenye kisima cha kuchimbwa kwa jembe husoma hapo, akakumbuka urefu wa kamba ya ndoo yake, akalipa. Hakuna anayemwambia kwamba namba hiyo ilipimwa kwa hewa ya usawa wa bahari.

Pampu ya juu, yaani inayokaa nje ya kisima, haina mkono wa kushika maji. Inapunguza hewa ndani ya bomba, kisha hewa ya nje ndiyo inayoyakandamiza maji ya kisimani yapande. Kule Mombasa uzito wa hewa unaweza kuyainua mita 10.3. Dagoretti Corner, penye kituo cha hali ya hewa, ni karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hapo hewa huinua mita 8.4 hivi. Mwaka 1648 Blaise Pascal alimtuma shemeji yake apande mlima Puy de Dôme, Ufaransa, na mrija wa zebaki, ili ithibitike kwamba hewa hupungua uzito kadiri mtu anavyopanda. Kilele cha mlima ule ni mita 1,465. Riruta imeupita. Ukitoa msuguano wa bomba, kona zake na mahitaji ya pampu yenyewe, mimi huhesabu mita 6 kuwa mwisho wa kuaminika.

Ndiyo maana kazi ya fundi mmoja katika ploti ya Riruta ilinipendeza. Mvua za masika zilipokwisha, pampu ilivuta vizuri. Kufikia Februari ilikuwa ikinguruma bila kutoa maji, na kila asubuhi keateka aliijaza maji upya na kuiwasha. Hilo ni hatari: sili ya pampu hupozwa na maji yanayopita, na ikizunguka kavu huungua. Maji machache yaliyobaki ndani huchemka, na anayefungua kizibo papo hapo hurukiwa na mvuke usoni.

Fundi alizima stima kwenye swichi kuu, si kwenye swichi ya pampu pekee, akangoja chuma kipoe. Kisha akateremsha kamba yenye nati nzito. Sehemu kavu ya kamba, hadi kwenye maji, ilikuwa mita 7.

Hapo wengi wangeshalaumu valvu ya chini ya bomba, ile inayozuia maji kurudi kisimani. Yeye aliipima. Bomba la inchi moja hubeba takriban nusu lita kwa kila mita, kwa hiyo jagi moja halitoshi. Bomba likimeza ndoo nzima bila kujaa, valvu inavuja. Alimimina polepole kwenye tundu la kizibo hadi mapovu yakaisha na maji yakasimama ukingoni. Akaketi dakika kumi. Maji hayakushuka hata kidogo. Valvu ilikuwa nzima.

Akafunga kizibo kwa tepu nyeupe, akafungua kabisa koki ya kwenda tangini. Pampu kubwa za kawaida huwashwa koki ikiwa karibu kufungwa, lakini hizi ndogo hulemewa zaidi njia ikiwa imezibwa. Mikono mikavu, viatu miguuni, waya wa athi umeshakaguliwa, akawasha. Pampu ilitema maji kidogo, yakakata. Akazima mara moja, maana alishapata jibu: kimo kimezidi, na kujaza tena ni kuiua pampu.

Jirani alipendekeza pampu ya petroli iteremshwe kwenye mbao ndani ya kisima. Fundi alikataa katakata, na alikuwa sahihi. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, na ndani ya shimo humuua anayeshuka pamoja na anayemfuata kumwokoa.

Alichoweka ni pampu ya kuzamishwa, ambayo husukuma maji kutoka chini na haihitaji kujazwa. Aliining'iniza kwa kamba ya nailoni, kamwe si kwa waya wake wa stima, akaiacha nusu mita juu ya tope. Juu akafunga swichi inayokata umeme ukivuja miliampea 30, na akamwagiza keateka akibonyeze kitufe chake cha majaribio kila mwezi.