Sikio Lililotangulia

Mzee aliyetupandisha Mandara Januari ile hakugeuka nyuma hata mara moja. Tulikuwa saba, marafiki tuliosoma shule moja ya bweni, sasa kila mtu na kitambi chake na mikopo yake, tumejipa siku moja ya kiangazi kuuona Mlima Kilimanjaro kwa karibu badala ya kuutazama kwenye lebo za chupa. Yeye alitangulia, gambuti nyeusi miguuni, mikono nyuma, fimbo kwapani, kama mtu anayekwenda kusikiliza kesi barazani. Vijana wa getini walimwita Meku, jina ambalo Wachaga humpa mzee wa heshima, nasi tukalidaka hapohapo.

"Shikamoo, Meku."

"Marahaba, wanangu. Twendeni taratibu. Mlima hauhami."

Kutoka geti la Marangu, kwenye mita kama 1,870 juu ya usawa wa bahari, hadi vibanda vya Mandara kwenye mita 2,720, ni mwendo wa kilomita 8 hivi, wote ndani ya msitu. Kwa anayekwenda kilele cha Uhuru hiyo ni siku ya kwanza tu, glovu bado ziko chini ya begi. Kwetu sisi watu wa viti vya ofisini, huo ndio ulikuwa mlima wenyewe. Chini Moshi jua lilikuwa kali, la kukausha kanga kabla hujamaliza kuianika. Msituni majani yalikuwa bado yanadondosha maji, na mizizi imetanda njiani kama mishipa ya mkono wa mkulima.

Meku alikuwa mtu wa kusimama. Tumetembea robo saa, anasimama kutuonyesha ua dogo jekundu lenye manjano, lililopinda kama mkonga wa tembo, ambalo halioti kokote duniani ila kwenye mlima huu. Tunaliinamia, tunalipiga picha, tunaendelea. Mbele kidogo, penye ngazi za mizizi, anasimama tena: juu kuna mbega, mkia mweupe unaning'inia kama usinga. Akatuambia mbega hana dole gumba, na bado hakuna wa kumshinda kushika tawi. Tukacheka, kila mmoja akalitazama dole gumba lake. Mara nyingine alitaka tusikilize tu maji yanayopita korongoni. Nikajisemea, leo tumepata mzee anayeujua msitu wake.

Saa ya pili ndipo nilipoanza kushtuka. Mwenzetu mmoja ni mwalimu wa sekondari, na tangu getini alikuwa akisimulia kisa cha mwanafunzi wake aliyetoroka mtihani kupitia dirishani. Kisa kilikuwa kirefu, chenye sauti za watu watano. Kwenye kona moja ya mwinuko kikakatika katikati. Hatukujali, tulidhani anatafuta neno. Meku alikuwa watu wanne mbele yake, kisogo kimetuelekea. Alipiga hatua tatu tu, akasimama penye gogo lililoota kuvu, akaanza kutuonyesha kuvu. Tukajikusanya. Mwalimu akafika wa mwisho, midomo imepauka, akaegemea mti akijifanya naye anatazama kuvu. Meku alizungumza habari za kuvu mpaka pumzi ya mwalimu ikarudi mahali pake. Kisha akauliza, bila kumtazama, "Mwalimu, yule mwanafunzi wako alitoka au alinasa dirishani?"

Mwalimu akaendelea na kisa, nasi tukaendelea na njia.

Kumbe lile ua, yule mbega na yale maji korongoni, vyote vilikuwa viti. Kila Meku aliposimama palikuwa na mmoja wetu aliyeishiwa pumzi, na hakuna hata mmoja aliyefedheheshwa mbele ya wenzake kwa kuambiwa apumzike.

Tulipokaa kula mayai ya kuchemsha na ndizi, nikamsogelea na kumuuliza alijuaje. Alimenya yai lake polepole, maganda akayatia mfukoni.

"Anayepanda vizuri huongea," akasema. "Akinyamaza, ama kaona kitu kizuri ama kaishiwa. Aliyeona kitu kizuri, miguu inasimama. Aliyeishiwa, miguu inakuja, ila inaburuza."

Akanifundisha kidogo nilichoweza kubeba. Wa mbele hapimi mwendo kwa miguu yake, anaupima kwa pumzi ya wa nyuma kabisa. Ndiyo maana hatua yake ni fupi na wayo unatua wote bila kishindo, kwani kishindo cha mguu wako mwenyewe ndicho kinachokuziba masikio. Na ndiyo maana hageuki. "Ukigeuka, kila mtu anakaza uso. Uso unadanganya. Wakiona mgongo tu, wanaacha kujifanya."

Alianza kazi kama mgumu, ndivyo wapagazi wa mlima huu wanavyoitwa, mzigo kichwani juu ya ngata ya majani makavu ya mgomba. Mwenye mzigo kichwani hageuzi shingo ovyo. Kinachobaki huru ni sikio. Miaka yake ya mwanzo mlimani, alisema, aliwajua wenzake kwa vishindo kabla hajawajua kwa sura.

Jambo hilo nilikuwa nimewahi kuliona mahali pengine. Baba yangu alikuwa dereva wa lori, njia ya Dar es Salaam na Mbeya, na likizo moja alinichukua. Safari nzima redio ilikuwa wazi: taarabu, matangazo ya vifo, mpira. Tulipofika chini ya mlima Kitonga akaizima. Utingo naye akanyamaza bila kuambiwa, kama mtu anayevua viatu mlangoni mwa msikiti. Baba akateremsha kioo, akainamisha kichwa dirishani, na lori likaanza kuzipanda zile kona na shehena yake ya saruji. Nikauliza jambo, silikumbuki tena. Akaniwekea kidole mdomoni. Tulipofika juu akaifungua redio, akaniambia, "Gari likichoka hukwambia mara moja tu." Sikuelewa. Nilikuwa na miaka tisa, na nilichokuwa nikikitaka ni soda.

Vitabu vinasema Wazungu wawili, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, ndio wa kwanza kufika juu ya Kibo, sehemu ya juu kabisa ya mlima huu, Oktoba 1889. Ukiuliza Marangu, watu wanaanza kwa kumtaja Mzee Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa hapohapo, kuwa ndiye aliyewaongoza njia. Kilele kikapewa jina la mfalme wa Ujerumani, kikakaa nalo mpaka tulipojitawala, tukakipa jina lake la sasa, Uhuru. Jina la kilele linaweza kubadilishwa kwa tangazo la siku moja. Ufundi wa kuwafikisha watu huko haukupita kwenye matangazo wala vitabu. Ulipita kisogoni: kijana akatembea nyuma ya mzee miaka mitano, miaka kumi, mpaka asubuhi moja akaambiwa, haya, leo tangulia wewe.

Tulipokaribia Mandara tukapitwa na kundi la vijana kumi na kitu. Walikuwa wachangamfu, wakatusalimia vizuri, sina ugomvi nao. Mmoja alifunga spika kwenye begi, muziki umeujaza msitu. Wengine wameziba masikio kwa vipokea sauti, kila mtu na wimbo wake. Kiongozi wao, kijana mwenye cheti na lugha tatu, alikuwa mbele akitazama saa ya mkononi inayohesabu hatua. Mbega walikuwa wamekwisha kuhama. Na nyuma kabisa, umbali wa kutupa jiwe, alikuja msichana ameshika kiuno. Kati yake na kiongozi palikuwa na ile spika.

Meku alimpisha, kisha akamwambia, "Pole, mama. Hebu simama kidogo uone ua hili."

Hapakuwa na ua. Msichana alisimama hata hivyo, akainama, akapumua.

Pole pole ndilo neno la kwanza anayekuja mlimani kufundishwa, siku hizi limechapwa hadi kwenye fulana. Nimeona linavyotamkwa na mtu anayekazana. Viongozi wa sasa wana kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni, kinachosoma oksijeni iliyomo kwenye damu, na kina faida kubwa, sitakibeza. Ila kifaa hubanwa mtu akiwa ameshasimama. Kabla ya hapo lazima awepo aliyesikia kwamba inafaa asimame.

Mchana tulisogea hadi ukingo wa kasoko ya Maundi, dakika kama 15 kutoka Mandara. Mawingu yakafunguka kidogo, kilele cha Mawenzi kikatoa meno yake, halafu Kibo na barafu yake iliyobaki. Barafu hiyo imepimwa: tangu 1912 hadi mwanzoni mwa karne hii, zaidi ya asilimia 80 imekwisha. Wanafunzi wanaisoma, waandishi tunaililia, na mimi nimeshaililia zaidi ya mara moja. Siku ile macho yangu yalitoka kwenye barafu yakaenda kwa Meku. Nikamuuliza nani anatembea nyuma yake siku hizi.

"Mwanangu wa mwisho alijaribu," akasema. Akakaa kidogo. "Ana mambo mengi masikioni."

Barafu ina wapimaji wake. Sikio la mzee huyu litakapoondoka, hakuna picha mbili zitakazowekwa pamoja, ya zamani na ya sasa, watu waone kilichopungua.

Kushuka alikaa nyuma, kwa sababu anayeshuka hukatika umakini kabla ya pumzi, na mguu unaotaka kuteleza, alisema, huanza kwa kukwaruza. Alituita kwa majina mara mbili tatu, kila mara kwa swali lisilo na maana yoyote, na kila mara aliyeitwa alipunguza mwendo ili ajibu. Mwalimu alikimaliza kisa chake karibu na geti. Mwanafunzi alikuwa amenasa dirishani.

Tukaagana. Hatujafika Himo wenzangu karibu wote walikuwa wamelala, simu ya mmoja wao ikitangaza idadi ya hatua alizotembea. Dereva akafungulia muziki. Nikamwomba auzime.

"Kuna nini, bosi?"

"Nataka kulisikia gari."

Alinitazama kwenye kioo, akauzima. Tukaenda kimya. Chini ya kiti changu, upande wa gurudumu la nyuma, palikuwa na mlio mdogo unaokuja na kupotea kila tulipokata kona. Niliutegea sikio hadi Moshi mjini, na niliusikia vizuri kabisa. Ulichokuwa ukisema sikukijua, na wa kumuuliza nilishamzika.