Chuma Kilitoka Angani, Suruali Ilitoka Wapi?

Jumamosi moja kijana wa kikundi chetu cha kusoma alikuja na picha kwenye simu: sanamu ya chuma, mtu ameketi, kifuani ana alama ya swastika. Chini pameandikwa eti ni Budha kutoka angani, ana miaka elfu moja, na Wanazi ndio walimleta Ujerumani kutoka Tibet. Vijana walishangaa kweli. Na mimi pia. Lakini kikundi chetu kina desturi moja: hadithi ikiwa tamu mno, tunaitafuna polepole. Basi tuliitafuna, na haya ndiyo maoni yangu.

Nianze na kilicho imara. Mwaka 2012 Elmar Buchner wa Chuo Kikuu cha Stuttgart na wenzake walichapisha vipimo vyao. Sanamu ina urefu wa sentimita 24 na uzito wa zaidi ya kilo 10. Chuma chake kina nikeli karibu asilimia 16, na vipimo vilifanana na vya kimondo cha Chinga, kilichoanguka maelfu ya miaka iliyopita karibu na mpaka wa Siberia na Mongolia. Kimondo, kwa asiyejua, ni jiwe au chuma kilichoanguka kutoka angani, kama kile cha Mbozi hapa Tanzania.

Hapo sina ugomvi nao. Shida ni pale wapima chuma walipoanza kusimulia. Walisema huenda sanamu ilichongwa karne ya 11, na inasemekana ililetwa na msafara wa Ernst Schäfer wa 1938 hadi 1939. Neno "huenda" waliliandika, lakini magazeti yalilimeza.

Mwaka huohuo mtaalamu wa Ubudha, Achim Bayer, aliitazama sanamu kama fundi cherehani anavyotazama nguo. Akaona viatu vya Kizungu, si buti za Kitibeti. Akaona suruali badala ya joho. Akaona ndevu nyingi ambazo hazikumkaa mungu wa kule. Akakadiria ilitengenezwa Ulaya, kati ya 1910 na 1970.

Mimi namuunga mkono Bayer. Umri wa chuma siyo umri wa sanamu. Mhunzi akifua panga leo kwa springi ya lori la zamani, hilo ni panga la leo. Linganisha na jambia la Farao Tutankhamun. Nalo ni chuma cha kimondo, vipimo vya 2016 vilithibitisha. Lakini umri wake tunaujua kwa sababu lilikutwa ndani ya sanda ya farao mwenyewe, na Howard Carter na wenzake waliandika lilipokutwa. Sanamu yetu haina shahidi wa namna hiyo. Ina chuma tu, na maneno ya watu.

Mtaniuliza, hayo yanatuhusu nini sisi wa kambini? Nilipofika nilikuwa na miaka 16, nikaketi mbele ya meza ya mahojiano. Nilikuwa na cheti cha shule tu. Wakakikagua: karatasi halali, mhuri halali. Kisha wakaandika kwamba nilizaliwa katika mji uliotajwa kwenye mhuri. Kumbe pale nilisoma tu. Nilizaliwa kijijini, mbali sana. Dada yangu, aliyehojiwa siku nyingine, alitaja kijiji. Faili mbili zikapingana, ikaonekana mmoja wetu ni mwongo. Ilichukua miaka miwili kurekebisha. Cheti hakikudanganya. Kilisema nimesoma wapi, mengine aliyaongeza mwandishi.

Ndugu zetu mnaotuhoji, sisemi msikague. Kagueni. Ila kitu kikithibitika, andikeni hicho kilichothibitika, na yaliyobaki mtuulize.

Yule kijana alitaka kuifuta picha, akasema ni uongo mtupu. Nikamwambia hapana, mdogo wangu, kuchonga chuma kigumu vile ni kazi ya mtu, hata kama si ya miaka elfu. Tuliichora kwenye daftari la kikundi. Chini yake akaandika mistari miwili: yaliyopimwa, na yaliyosimuliwa. Akafikiri kidogo, akaongeza wa tatu: "Aliyeichonga ni nani?" Mstari huo tumeuacha wazi.