Moshi wa Buluu Asubuhi: Oili Ililala Wapi?

Injini ya petroli ya mipigo minne ikitoa moshi wa buluu pale inapowashwa asubuhi, kisha moshi ukakatika, oili inayoungua ni ile iliyopenya hadi ndani ya silinda usiku, injini ikiwa imezimwa. Injini inayovuta oili wakati wa kazi hutoa moshi mchana kutwa. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa uchunguzi wote: kwa injini ya kwanza hutafutwa mahali oili ilipolala, kwa ya pili hutafutwa kilicholika.

Gitothua, wadi ya Ruiru katika Kaunti ya Kiambu, trekta dogo la bustani si chombo cha kila boma. Jamaa zake ndio wengi: mashine ya kukata nyasi inayoendeshwa kwa kuketi, pampu ya kuvuta maji mtoni, na injini inayozungusha chafkata ya kukatia ng'ombe nepia. Zote hupozwa kwa hewa, zina silinda moja au mbili, na nyingi hazina hata pampu ya oili. Kifaa kinachozunguka ndani ya injini huirusha oili huku na huku. Kwa hiyo ugonjwa wao ni mmoja, na dalili zake husomwa kwa namna moja.

Kwanza rangi. Julai, asubuhi za Kiambu zikiwa na baridi na ukungu, sailensa hutoa weupe unaoyeyuka hewani bila kuacha harufu. Huo ni mvuke wa maji, maana petroli ikiungua huzaa maji, na hauna madhara. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi hewa. Ruiru iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa limepungua kwa karibu sehemu moja ya sita, hivyo kabureta iliyopimwa kwa nchi ya pwani humwaga petroli nyingi kuliko inavyohitajika. Moshi wa oili ni wa buluu au kijivu cha buluu, huning'inia karibu na ardhi, na harufu yake hukwaruza koo. Pampu za mgongoni zenye injini, za kunyunyizia kahawa dawa, hazihusiki hapa: nyingi ni za mipigo miwili, oili huchanganywa na petroli yenyewe, na moshi kidogo ni desturi yake.

Mahali oili inapolala hutegemea silinda imekaaje. Injini nyingi za mashine za kukata nyasi zina krankshafti iliyosimama wima, kwa hiyo silinda imelazwa ubavu. Injini ikizimwa, oili iliyotapakaa hukusanyika upande wa chini wa silinda, na ringi zilizochoka kidogo huiacha ipite taratibu hadi mbele ya pistoni. Zile zenye silinda mbili zilizotazamana, kama injini za Onan zilizofungwa katika matrekta ya John Deere 318 kuanzia 1983 hadi 1992, zina tabia hiyo kwa pande zote mbili. Pumzi moja ya moshi asubuhi kwa injini za namna hii si hukumu ya kifo, na fundi anayeharakisha kuzifungua kwa sababu hiyo humtia mwenye mali gharama ya bure.

Mahali pa vali pana uzito uleule. Injini kongwe za vali za pembeni, mfano Kohler za mfululizo wa K zenye bloku ya chuma cha kutupwa, zina vali zilizosimama kando ya silinda, miti yake ikielekea chini. Uzito wa oili wenyewe huivuta mbali na vali. Injini kama hiyo ikitoa moshi wakati wa kuwashwa, bushi za vali haziwi mshukiwa wa kwanza. Zile zenye vali juu ya hedi ni kinyume chake: oili hubaki katika kasha la rokari, hasa ikiwa silinda imelala, na kutiririka polepole kwenye mti wa vali ya kuingiza hewa ikiwa bushi imelika au sili yake ya mpira imekauka. Sili hiyo ni kipande cha bei ndogo, na mara nyingi ndiyo dawa yote.

Chanzo kinachosahaulika kuliko vyote ni kipumulio. Pistoni ikishuka, husukuma hewa iliyo katika tumbo la injini. Kipumulio huiachia itoke na kuizuia kurudi, hivyo humo ndani hubaki mvuto mdogo unaoishikilia oili mahali pake. Kibati chake chembamba cha chuma kikipinda au kikiziba kwa uchafu, shinikizo hupanda na kuisukuma oili kupita ringi na vali hata kama vyote ni vizima. Palipo na shingo ya kujazia oili, kipande cha mfuko wa nailoni kikiwekwa mdomoni injini ikinguruma taratibu hufyonzwa ndani. Kikifura, kipumulio kimekwisha au ringi zinavujisha.

Kiwango cha oili nacho hudanganya. Tangi likiwa juu ya kabureta na sindano ya kabureta ikiwa imelika, petroli hushuka usiku kucha hadi silinda, ikapita ringi na kuingia kwenye oili. Asubuhi kijiti huonyesha oili imepanda bila mtu kuongeza, nyepesi, yenye harufu ya petroli. Injini hiyo isiwashwe kabisa, kwani mvuke uliojaa tumboni mwake unaweza kulipuka. Hubadilishwa oili na sindano, na bomba la petroli hufungwa kila kazi inapokwisha.

Injini za chafkata zina dhiki ya peke yake. Vumbi la nepia kavu hujaza mapezi ya silinda, na injini inayopozwa kwa hewa ikikosa hewa huchemka mpaka gasketi ya hedi ikapasuka. Ikipasuka kati ya silinda na njia ya fimbo za vali, moto husukumwa tumboni na oili hufyonzwa silindani. Dalili zake hufanana mno na za ringi zilizokufa, na hapo ndipo injini nyingi hufunguliwa hadi chini bila sababu. Udongo mwekundu ukipenya filta iliyochanika, ndipo ringi hulika kweli, na upesi.

Kupima kwa geji ya mgandamizo hakusaidii sana, maana injini nyingi ndogo zina kifaa kinachofungua vali kidogo ili kamba ivutike. Kipimo cha kuaminika ni cha kupuliza hewa. Pistoni hupandishwa juu wakati wa mgandamizo, krankshafti ikashikwa kwa nguvu isizunguke, kisha hewa ikaingizwa kwenye tundu la plagi. Kompresa ya fundi wa pancha barabarani inatosha. Mlio ukisikika kwenye kabureta ni vali ya kuingiza, kwenye sailensa ni ya kutoa, kwenye tundu la oili ni ringi au gasketi. Kwa kuwa hizo mbili husikika mahali pamoja, hedi hufunguliwa kwanza na gasketi kukaguliwa kabla ya kugusa pistoni.

Oili nzito huficha moshi kwa wiki chache tu, na huifanya injini iwe ngumu kuvutwa wakati wa baridi. Ikibidi kuweka ringi mpya, silinda hupimwa juu, katikati na chini. Ikiwa imekuwa yai, huchongwa kwa pistoni ya saizi inayofuata, kwani ringi za mviringo haziwezi kuziba tundu la yai.

Baada ya matengenezo, sailensa ya zamani hubaki imelowa oili, na moshi wake hudumu kwa dakika kadhaa hata kama kazi imefanywa sawasawa. Injini huachwa ifanye kazi hadi ikauke, hulazwa usiku mahali tambarare, na moshi wa kuhesabiwa ni ule wa asubuhi ya pili.